IST, Aqua au Leaf: gari lipi linafaa mizunguko ya Dodoma?

Tangu wizara zihamie Mtumba, hesabu ya gari Dodoma imebadilika. Mji wa Serikali uko takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, kwa barabara ya kwenda Dar es Salaam, na anayeishi Nkuhungu au Chang'ombe anavuka mji kwanza ndipo aanze kuzihesabu hizo 17. Ongeza kumpeleka mtoto shule na kupitia soko la Majengo jioni, mtu anafikisha kilomita 50 kwa siku na wala hajasafiri. Petroli ya mizunguko hiyo inakula mshahara kimyakimya.

Ndiyo maana swali limekuwa la kila siku maofisini: ninunue IST kama wengine, nichukue haibridi, au niingie kwenye gari la umeme? Wanaouliza wengi wanaijua IST vizuri, Aqua kidogo, na Leaf kwa kusikia tu. Kwa hiyo Leaf nitaikalia zaidi, ila vigezo ni vilevile kwa zote tatu.

Magari yenyewe na vigezo

Yote matatu huletwa yakiwa yametumika Japani, yote ni madogo, na yote mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuyafikiria. Toyota IST ni petroli tupu, nyingi zikiwa na injini ya lita 1.3 au 1.5, toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002, la pili 2007. Toyota Aqua ni haibridi iliyoingia sokoni Japani Desemba 2011: ina injini ya petroli ya lita 1.5, mota ya umeme, na betri ndogo inayochajiwa na gari lenyewe likiwa linatembea. Huichomeki popote. Nissan Leaf ni umeme mtupu; haina injini, haina tangi, haina ekzosi. Ilianza Desemba 2010 na betri ya uniti 24, ikaja ya uniti 30, kisha toleo la pili la 2017 lenye uniti 40, na mwaka 2019 likaongezwa la uniti 62. Uniti ya betri ya gari ni sawasawa na uniti ya LUKU, kilowati-saa moja, na hilo hurahisisha hesabu zote zinazofuata.

Nimeyapima kwa mambo matano. Kwanza, shilingi ngapi kwa kilomita. Pili, gari linafika wapi kabla ya kujazwa au kuchajiwa, na utalijazia wapi. Tatu, dashibodi na mitambo yake inamsaidiaje dereva kubana nishati. Nne, linavumiliaje jua, vumbi na mwinuko wa huku kwetu. Tano, fundi, spea na kuuzika baadaye. Bei ya kununua sikuifanya kigezo peke yake kwa sababu inabadilika kila meli inapotia nanga. Tumia kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika upate kodi ya gari unalolitaka, ukikumbuka kwamba gari lililotimiza miaka 8 na zaidi linaongezewa ushuru wa uchakavu.

Shilingi kwa kilomita

Bei ya petroli hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Dodoma hulipa zaidi kidogo kuliko Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafirishwa mpaka huku. Nachukua shilingi 3,000 kwa lita na mwendo wa kilomita 1,200 kwa mwezi. Wewe weka bei na kilomita zako.

IST iliyo na afya, mji na barabara kuu vikichanganywa, huenda kama kilomita 13 kwa lita. Hizo ni lita 92, karibu shilingi 277,000 kwa mwezi, au shilingi 230 kwa kilomita.

Aqua huenda kama kilomita 20 kwa lita mikononi mwa dereva wa kawaida. Matangazo ya Japani yalitaja 35, namba ya maabara, usiiwekee bajeti. Kwa 20 unatumia lita 60, shilingi 180,000 kwa mwezi.

Leaf hutumia takriban uniti 15 za betri kwa kilomita 100 ukiendesha kistaarabu. Lakini unalipia zinazotoka ukutani, na kuchaji kuna upotevu, kwa hiyo hesabu uniti 17. Kwa kilomita 1,200 ni uniti 204. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji huliruka. Nyumba inayotumia umeme kidogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, iko kwenye tarifu ya D1 ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi. Leaf peke yake inavuka uniti 75, kwa hiyo utahamia T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, ambako shilingi 10,000 inakupa takriban uniti 28. Uniti 204 zinakuwa kama shilingi 73,000. Na si gari tu linalohama. Friji, taa na televisheni navyo vinahama nalo. Zile uniti 75 za nyumbani ulizokuwa unazipata kwa kama shilingi 9,000 zitafika karibu 27,000. Mtu wa D1 aweke gharama halisi ya Leaf kuwa kama shilingi 91,000 kwa mwezi. Aliyekuwa T1 tangu mwanzo abaki na 73,000.

Bado ni chini sana. Kati ya IST na Leaf kuna tofauti ya karibu shilingi laki mbili kwa mwezi kwa mtu wa kilomita 1,200, yaani kila milioni moja ya ziada uliyoiweka kwenye bei ya kununua inarudi ndani ya miezi mitano hivi. Ila mtu wa kilomita 400 kwa mwezi, anayekaa Area D na kufanya kazi mjini, milioni hiyohiyo itamchukua zaidi ya mwaka. Kilomita zako ndizo zinazoamua, na ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kuulizia gari lolote, soma odomita ya gari ulilonalo, au la jirani anayekwenda njia yako, mwanzo na mwisho wa mwezi.

Matengenezo: IST na Aqua zinataka oili ya injini, filta na plagi kama kawaida. Leaf haina hayo. Inabaki na matairi, breki, oili ya gia, maji ya kupoozea mota na inveta, na betri ndogo ya volti 12, ambayo ikichoka gari zima haliwaki hata kama betri kubwa imejaa.

Linafika wapi, na utalijazia wapi

Kwa IST na Aqua sina mengi. Tangi likijaa unafika Dar es Salaam, takriban kilomita 450, bila kusimama kwa ajili ya mafuta, na vituo viko njia nzima: Kibaigwa, Gairo, Morogoro, Chalinze. Aqua ina tangi dogo la lita 36, lakini kwa ulaji wake linatosha na kubaki.

Leaf ni habari nyingine, na hapa ndipo watu huumia kwa kununua jina bila kuuliza uniti. Kwa vipimo vya Marekani, ambavyo viko karibu na uendeshaji wa kweli kuliko vya Japani, Leaf mpya ya uniti 24 ilipewa kati ya kilomita 117 na 135 kutegemea mwaka, ya uniti 30 kilomita 172, ya uniti 40 kilomita 243, na ya uniti 62 kilomita 364. Hizo ni betri mpya. Wewe unanunua iliyotumika. Leaf ya uniti 24 iliyochoka hadi theluthi mbili za uwezo wake inabaki na kama kilomita 90 mpaka inazima, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeendesha mpaka izime, kwa hiyo hesabu 70. Kwa mtu wa Kisasa anayekwenda Mtumba na kurudi, 70 inatosha. Kwa mtu wa Nkuhungu mwenye mizunguko ya jioni, inambana. Uniti 40 yenye betri nzuri inakupa kama kilomita 160 za kupanga bila wasiwasi: unakwenda Chamwino na kurudi, unazunguka mjini, na jioni bado una akiba.

Safari ndefu? Kondoa ni kama kilomita 160 na Singida kama 240. Kwa Leaf, Kondoa ni safari ya kwenda leo na kurudi kesho, baada ya kulala ukichaji kwa mwenyeji mwenye soketi nzuri. Singida na Dar uzitoe kwenye mipango, isipokuwa una ile ya uniti 62 na sehemu ya kuchaji uliyoihakikisha wewe mwenyewe kwa simu kabla ya kuondoka. Wengi wanaofikiria Leaf Dodoma wana jibu jingine la Dar: treni ya SGR, ambayo tangu katikati ya 2024 inafika hapa kutoka Dar es Salaam. Ukiacha gari nyumbani na kupanda treni, hoja kubwa dhidi ya gari la umeme inapungua uzito. Lakini mwenye wazee Iramba au Mpwapwa ndani, anayekwenda kila mwisho wa mwezi na magunia nyuma, treni haimsaidii; huyo aandike safari hizo kwenye karatasi kabla ya kuota Leaf.

Basi mahali pa kuchajia. Kituo chako cha kuchaji Dodoma ni ukuta wa nyumba yako. Kama una uwanja wenye geti na mita yako mwenyewe ya LUKU, umeshamaliza nusu ya kazi. Kama umepanga chumba na sebule, mita mnachangia wapangaji wanne, na gari linalala nje ya ukuta, Leaf haikufai kwa sasa hata ikiwa ya bei nzuri kiasi gani. Ugomvi wa LUKU utakuja kabla ya mwezi kwisha.

Soketi ya kawaida ya pini tatu ni ya ampea 13, lakini kuchaji ni kazi ya saa nyingi mfululizo, kwa hiyo kebo iwekwe ampea 10. Hapo unapata kama kilowati 2.3. Kilomita 50 za siku zinarudi kwa saa nne hivi, ukiwa umelala. Betri ya uniti 24 tupu hadi kujaa huchukua kama saa kumi na moja. Ya uniti 40, kama saa kumi na tisa, lakini ni nadra kuanzia sifuri. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie waya mnene kutoka kwenye breka yake peke yake, wenye ethi (waya wa kushuka ardhini) inayofanya kazi kweli. Usichaji kwa ekstensheni ya dukani. Baada ya saa mbili iguse plagi utaelewa. Kebo zinazokuja na magari ya Japani zimetengenezwa kwa umeme wa huko, volti 100 au 200, na plagi yake ni tofauti na yetu. Soma kibandiko kwenye kebo: kama hakisemi inakubali mpaka volti 240, nunua nyingine.

Umeme ukikatika? Ni swali la haki. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 na limeongeza sana umeme kwenye gridi, lakini nguzo ya mtaani ikianguka kwa mvua ya Januari, bwawa halisaidii. Dawa ni kutokungoja betri ifike asilimia 15 ndipo uchomeke. Chomeka kila jioni, na ukatizo wa usiku mmoja hautakuzuia kwenda kazini.

Gari linakuambia nini unapoendesha

Hiki ndicho kigezo ninachokipenda zaidi, na ndicho kinachosahauliwa.

IST haikuambii mengi. Ina mshale wa mafuta na sikio lako. Dereva mzuri wa IST hubana mafuta kwa kukanyaga taratibu, kuachia mguu mapema anapoona taa nyekundu pale mbele, na kutopakia mizigo isiyo ya lazima. Hakuna kinachomrudishia nguvu aliyoipoteza kwenye breki; yote inaishia kuwa joto.

Aqua ina skrini inayoonyesha nishati inavyozunguka: injini inapeleka nguvu kwenye matairi, breki inarudisha umeme kwenye betri, betri inaendesha mota. Ikiwaka taa ya EV, injini imezima na unatembea kwa umeme. Mbinu ya Aqua ni kuongeza mwendo kwa utulivu hadi ule unaoutaka, kuachia kidogo pedali injini izime, kisha kuikanyaga kwa upole sana gari liteleze kwa umeme. Kwenye foleni ya asubuhi ndiko inakong'aa. Kwenye barabara kuu kwa mwendo wa 100 ubora wake juu ya IST unapungua, kwa sababu injini ndiyo inayofanya karibu kazi yote.

Leaf inazungumza nawe muda wote, na inataka uijue lugha yake. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha husikii kitu; unaona kigari kidogo cha kijani kwenye dashibodi, maana yake gari liko tayari kuondoka. Wafundishe na watoto na mlinzi wa geti kwamba kimya hakimaanishi limezimwa. Juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kuna taa tatu za bluu zinazoonyesha kuchaji kumefikia wapi. Unaweza kuzisoma ukiwa umesimama nje usiku, bila kufungua mlango.

Upande wa kulia wa mita kuna ngazi mbili za vipande. Vinene vinaonyesha chaji iliyopo sasa, kama mshale wa mafuta. Vyembamba vya pembeni, vikiwa 12 gari likiwa jipya, vinaonyesha afya ya betri yenyewe. Kikipotea cha kwanza, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo; kila kinachofuata ni zaidi kidogo ya asilimia 6. Gari lenye vipande 9 na lenye 12 yanaweza kuwa ya mwaka mmoja, rangi moja, odomita zinazokaribiana, na likawa moja linafika Chamwino na kurudi na jingine linakwamia Ihumwa. Muuzaji hukuonyesha chaji imejaa. Wewe angalia vyembamba.

Namba ya kilomita zilizobaki isikutie hofu wala isikudanganye. Gari linakadiria kwa kuangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukitoka kukimbiza barabara kuu namba inaporomoka. Ukizunguka mjini kwa upole inapanda. Iamini zaidi asilimia, ambayo ipo kwenye matoleo mengi, kuliko kilomita. Na ukiona alama ya kobe, gari limeanza kupunguza nguvu lenyewe: una kilomita chache sana, tafuta soketi au egesha mahali salama.

Kitufe cha ECO hufanya pedali iwe pole na hubana kiyoyozi. Gia ya B, kwenye matoleo iliyokuwamo, huongeza nguvu inayorudi betrini unapoachia pedali; ndiyo ya kuitumia ukishuka kutoka mlima wa UDOM. Toleo la 2017 lina e-Pedal: pedali moja, ukiiachia gari linapunguza mwendo mpaka linasimama. Ukizoea, breki unazigusa kwa nadra na pedi hudumu miaka. Kwa gari la kilo 1,600 pamoja na watu wake, kila mita 100 za kupanda zinakula karibu nusu uniti juu ya matumizi ya kawaida, na ukishuka kwa upole unarudishiwa sehemu yake. IST haina huruma hiyo.

Kinachokula umbali zaidi ni mwendo. Ukitoka 80 kwenda 100, nguvu ya upepo unaolizuia gari inaongezeka kwa asilimia 56. Zile sehemu za 50 vijijini, wanakokaa trafiki na tochi, ndizo Leaf inakotumia umeme kidogo kuliko popote. Upepo wa matairi nao: Leaf inataka PSI 36, na kituo cha upepo kikikuwekea 28 kwa mazoea, umepoteza kilomita bila kujua. Kibandiko kiko ndani ya mlango wa dereva, mwonyeshe kijana wa upepo.

Jua, vumbi na mwinuko

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Injini isiyo na turbo, kama ya IST na Aqua, hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haipotezi kitu, na ule wepesi wa hewa unalipunguzia gari upinzani. Ukijaza watu wanne na kupanda kilima, Leaf ndiyo itakayokushangaza.

Jua ndilo adui wa Leaf. Betri yake haina mfumo wa maji wa kuipooza. Inategemea hewa inayopita. Joto na chaji iliyojaa vikikaa pamoja muda mrefu huzeesha betri ya lithiamu haraka. Oktoba na Novemba, joto la mchana linapovuka nyuzi 30, kuacha Leaf yenye asilimia 100 kwenye maegesho ya lami tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi ni kuila betri. Panga chaji iishie alfajiri karibu na muda wa kuondoka, iachie asilimia 80 siku ambazo huna safari, na egesha kwenye kivuli cha mwarobaini. Usiku wa Dodoma una ubaridi, Juni hadi Agosti hasa, na huo ni mtaji ambao mtu wa Dar hana.

Aqua nayo ina lake. Betri yake ya haibridi hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Vumbi letu la kiangazi hujaa pale, likichanganyika na nyuzi za zulia na manyoya ya viti, feni inashindwa, betri inachemka. Ukienda kuiangalia Aqua, piga goti pale nyuma uangaze kwa tochi ya simu. Ukikuta ukuta wa vumbi la kahawia, mwenye gari hajawahi kuambiwa. Kulisafisha ni kazi ndogo. Kutolisafisha ndiko kunaleta ile taa nyekundu ya haibridi ambayo kila mtu anaiogopa. Na usiweke mkoba wala kanga mbele ya tundu hilo.

IST haina betri kubwa ya kuihurumia. Badilisha filta ya hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema, basi.

Fundi, spea na kuuzika

Hapa IST haina mpinzani. Fundi yupo kila mtaa, spea mpya na za mitumba zipo, na ukitaka kuuza Ijumaa, Jumapili mtu anakuja na hela. Kwa mtu ambaye gari ndiyo akiba yake ya dharura, hili lina uzito kuliko tofauti ya mafuta.

Aqua iko katikati. Injini yake ni ya ukoo uleule wa IST ya lita 1.5, fundi wa kawaida hakosi pa kuanzia. Upande wa umeme anahitajika mtu aliyesomea, mwenye kompyuta ya kusoma gari. Betri yake ina vipande ambavyo fundi huweza kubadilisha kimoja kimoja, ingawa ukichanganya kipya na vilivyochoka utarudi gereji tena.

Leaf ina vitu vichache vya kuharibika, na vikiharibika vinamtaka mtu maalumu. Ukifungua boneti utaona nyaya nene za rangi ya chungwa; hizo zina volti zinazokaribia 400. Zinaua. Aqua nayo ina nyaya za rangi hiyo. Fundi anayezigusa kabla ya kukata umeme mkubwa kwa utaratibu wake, mwondolee gari yako hapohapo, hata kama ni binamu. Kuuza Leaf kunahitaji subira, maana mnunuzi atauliza maswali yaleyale unayouliza wewe leo. Jambo jingine dogo linaloudhi: skrini nyingi za Leaf na Aqua za Japani huja na Kijapani, na kuzibadilisha si rahisi kwa kila toleo.

Kabla hujatoa hela

Kwa IST, sikiliza injini ikiwa ya baridi asubuhi, angalia moshi na gia. Kwa Aqua, fanya hayo, ongeza lile tundu la nyuma, kisha tembea nayo mjini ukitazama: injini ikiwa inawaka na kuzima kila dakika hata umesimama, betri imechoka.

Kwa Leaf, pima mara mbili. Kwanza kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu. Kitakupa afya ya betri kwa asilimia na kukuonyesha kama kuna seli iliyo nyuma ya wenzake. Pili, usiiamini namba peke yake, kwa sababu vipande 12 vinaweza kurudishwa kwa ujanja wa kompyuta na kudumu siku chache. Ichaji ijae, iendeshe kilomita 30 kwa mwendo wa 70 hadi 80, kiyoyozi kikiwa kama utakavyokitumia, kisha soma asilimia zilizoondoka. Zikiondoka 15, una gari la kama kilomita 200. Zikiondoka 35, una gari la kilomita 85, chochote muuzaji atakachosema.

Kwa hali yako

Unaishi kwako, una geti na mita yako, kazi iko Mtumba au UDOM, kilomita zako ni 1,000 na zaidi kwa mwezi na Dar unakwenda kwa treni au basi: Leaf ya uniti 40 yenye betri nzuri itakulipa kuliko nyingine. Ya uniti 24 au 30 ichukue tu kama safari yako ya siku haizidi nusu ya umbali uliopima wewe mwenyewe, maana betri itaendelea kupungua ukiwa nayo.

Umepanga, au unahamahama kikazi, lakini unazunguka sana mjini: Aqua. Inabana mafuta bila kukudai soketi, na ukipelekwa Manyoni wiki ijayo unakwenda nayo bila kupanga lolote.

Unatembea kilomita chache kwa mwezi, au gari ni la kwenda kijijini barabara za vumbi ambako fundi ni mmoja na ana spana tu, au unataka kitu utakachokigeuza fedha haraka: IST. Nafuu ya mafuta kwenye zile nyingine hutaifikia kabla hujaiuza.

Familia yenye magari mawili ina nafasi nzuri kuliko zote. Moja liwe Leaf hata ya betri ya wastani kwa kazi za kila siku, jingine Aqua au IST kwa safari. Anayetoka mbali asubuhi ndiye achukue la umeme, kwa sababu kila kilomita inayohamia upande huo inashuka kutoka shilingi 230 za IST, au 150 za Aqua, hadi kama 60.

Na kama bado unasita kati ya Aqua na Leaf, mwite fundi umeme nyumbani kwanza akague waya, breka na ethi, akupe gharama ya soketi ya kuchajia. Akisema nyumba nzima inahitaji kuvutwa waya upya, weka gharama hiyo kwenye bei ya Leaf kisha linganisha tena.